Prodyuza, Usikimbilie Kuipunguza Singeli Spidi

Prodyuza wa Bongo Fleva akiletewa singeli kwa mara ya kwanza, mkono wake hukimbilia spidi. Anaona mapigo 240 kwa dakika, anaamini kuna kosa, anayashusha. Ana sababu zake, kwani masikio yake yamelelewa na midundo inayotembea karibu na mapigo 100. Lakini kwa kufanya hivyo anakuwa amehukumu muziki ambao bado hajausikiliza.

Singeli imezaliwa uswahilini Dar es Salaam, mitaa kama Manzese na Tandale, kwenye vigodoro, zile sherehe za mtaani za usiku. Mzazi wake mmoja ni taarab: kipande kifupi cha kinanda hukatwa, kikaongezwa kasi na kuzungushwa bila kukoma, huku MC akighani juu yake. Mzazi mwingine ni mchiriku, ule wa vinanda vidogo vya Casio. Kwa miaka mingi wengi waliuita muziki wa wahuni, mpaka msanii Man Fongo alipovuma mwaka 2016 na wimbo "Hainaga Ushemeji".

Mwaka 2017 lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilitoa "Sounds of Sisso", mkusanyiko wa kazi za vijana wa studio ya Sisso, Mburahati. Miaka miwili baadaye zikafuata albamu za maprodyuza Jay Mitta na Duke, na singeli ikapanda majukwaa ya matamasha ya Ulaya. Inauma kwamba mlango wa Ulaya ulifunguliwa kutoka Kampala wakati Dar es Salaam imejaa studio. Watu wa lebo hiyo hawakuwa na mitambo ya ajabu, walisikiliza, basi.

Na kusikiliza huko ni kazi ya ufundi kabisa. Kwenye mapigo 100, pigo moja huchukua sekunde 0.6. Kwenye 240 huchukua robo sekunde. Prodyuza akiweka mwangwi wa sekunde mbili kwenye sauti, kama alivyozoea kwenye nyimbo za mapenzi, mwangwi huo unafunika mapigo manane na maneno ya MC yanazama yote. Besi yenye mkia mrefu nayo inagongana na pigo linalofuata, na wimbo mzima unageuka ngurumo. Hapo atasema singeli haina ubora, kumbe ubaya umetoka kwenye mipangilio yake mwenyewe. Akate mkia wa besi, aondoe mwangwi, auache wimbo ubaki mkavu. Kisha ahesabu pigo moja na kuruka moja: 240 inakuwa 120, spidi ambayo mwili wa mtu yeyote unaijua. Wachezaji wengi wa vigodoro huhesabu hivyo kwa viuno, bila kufundishwa na mtu.

Wapo watakaosema prodyuza ana haki ya kuwa na ladha yake. Ni kweli, na hakuna anayelazimishwa kuipenda singeli. Ila ladha ya mtu aliyeishia kwenye sekunde kumi za kwanza haina uzito, hasa kwa fundi anayelipwa kwa sababu ya masikio yake.

Basi prodyuza ambaye hajawahi kuigusa singeli na atafute kigodoro wiki hii, asimame karibu na spika, aangalie miguu ya watu. Akirudi studio, atengeneze biti moja kwa spidi ileile aliyoikuta, na ampe MC wa mtaani aihukumu.