Jirani Aliyeficha Kinu

Mwezi huu nina kisa cha shoga yangu wa ghorofa ya juu hapa Berlin. Ni mwanamke wa Thailand, anatoka Isan, kanda ya kaskazini mashariki inayopakana na Laos. Kaolewa na Mjerumani, mwanamume mpole asiye na makuu. Tulijuana kwa sababu ya kinu. Siku hiyo nimetulia zangu sebuleni, nikasikia mchi unagonga. Nikasema, jamani, nani anatwanga kisamvu Ujerumani? Nikapanda ngazi, nikabisha. Akafungua mlango nusu, wasiwasi umemjaa usoni. Alidhani nimekuja kulalamikia kelele.

Kumbe mwenzetu alikuwa anatengeneza som tam, saladi ya papai bichi. Papai linakatwa nyuzi nyuzi, linapondwapondwa kwa mchi wa mti ndani ya kinu cha udongo pamoja na kitunguu saumu, pilipili kali, ndimu, nyanya na sukari kidogo. Watu wa Bangkok hupenda kutia karanga na kamba wakavu. Watu wa Isan wao wanataka pla ra, samaki waliochachushwa kwa chumvi na pumba za mchele. Harufu yake, sikufichi, ni nzito. Kama umewahi kupika papa mkavu kwenye nyumba ya kupanga, unaijua hali yenyewe.

Na hapo ndipo palipokuwa na tatizo. Shemeji aliwahi kumwambia, "Hiki kitu kinanuka." Alisema mara moja tu, tena anacheka. Tangu siku hiyo shoga yangu akawa anapika mume akiwa kazini, madirisha wazi hata theluji ikianguka. Anakula amesimama, anaosha vyombo, anapiga mswaki. Wengine wanaficha hawara, yeye alificha kinu!

Shemeji naye hakuwa mtu mbaya. Kila siku ya kuzaliwa mkewe alimpeleka kwenye mgahawa wa Kithai, wenye vitambaa vyeupe na mishumaa. Som tam ikaletwa ya karoti, sukari imezidi, pilipili ya kutafuta kwa tochi. Mpishi wa mgahawa kama huo anapika kwa kumwangalia mteja, na wateja wenyewe ni Wazungu. Mume anauliza, "Kama nyumbani, eh?" Mke anatabasamu, "Kama nyumbani." Basi wakawa wawili mezani, kila mtu na upweke wake.

Nikamuuliza, "Shosti, kwani mji wote huu hakuna mahali wenzio wanakula?" Akaniambia pako, Preußenpark, mtaa wa Wilmersdorf, ila anaona haya kumpeleka mumewe. Nilipokutana na shemeji kwenye ngazi sikuuma maneno. Nikamwambia, "Mpeleke mkeo bustanini."

Historia ya mahali pale utaipenda. Miaka ya 1990 wanawake wa Kithai, wengi wao wameolewa na Wajerumani, walikuwa wakienda na mikeka yao kula pamoja kwenye nyasi. Wapita njia wakasikia harufu, wakaomba kuonja, wakaanza kununua. Ikawa miamvuli kwa safu, akina mama wamekaa chini na vinu na majiko madogo. Serikali ya mtaa ilivutana nao miaka mingi kwa ajili ya takataka, usafi na vibali. Siku hizi ni soko lenye kibali pembeni mwa bustani, miezi ya joto, mwisho wa wiki.

Jumamosi moja wakaenda, na mimi nikaombwa niwasindikize. Mama muuzaji akauliza pilipili ngapi, maana pale zinahesabiwa. Shemeji akataka ileile ya pla ra anayokula mkewe. Alitoka jasho, alitoka machozi, na pua alikunja. Lakini kilichomduwaza hakikuwa kwenye sahani. Mkewe alikuwa amekaa na wale akina mama, anaongea Kiisan harakaharaka, anacheka kwa sauti mpaka anajipiga mapaja. Shemeji akanigeukia, akasema taratibu, "Sijawahi kumsikia akicheka hivi."

Miaka saba ya ndoa, msomaji wangu.

Kwa hiyo wewe uliye ughaibuni na unatafuta chakula cha kweli cha mitaani cha Thailand au Vietnam, usihangaike na mapambo ya ukutani. Tazama nani anakula. Sikiliza kama kuna kinu kinagonga. Menyu ikiwa imeandikwa kwa lugha yao, huo ni mwanzo mzuri. Wavietnam wa Berlin, wengi wao walioletwa kufanya kazi Ujerumani Mashariki miaka ya 1980, utawakuta Dong Xuan Center, mtaa wa Lichtenberg. Ni mabanda ya jumla ya nguo na vifaa vya saluni, na katikati yake unapata bakuli la pho linalofuka mvuke. Na popote ulipo, ingia duka la vyakula vya Asia, muulize dada wa kwenye kaunta mchana yeye anakula wapi. Mfuate huko.

Na kama mwenza wako ndiye mgeni wa nchi, kumbuka hili: akikwambia amekumbuka chakula cha kwao, haombi sahani tu. Anaomba na watu wake, na lugha yake, na yule aliyekuwa kabla hamjakutana. Ukimwambia kinanuka, hata kwa utani, atakificha, na yeye mwenyewe atajificha nacho. Wenye dagaa wetu tunalijua hili vizuri.

Siku hizi kinu kinagonga jioni, shemeji akiwa nyumbani. Pua bado anakunja, lakini papai anakata yeye.

Tukutane mwezi ujao.