Usiizike Ndoto Yako kwa Kuogopa Kuchekwa

Msomaji mpenzi, kuna jambo ambalo moyo wako umelitamani tangu utotoni, nawe hujathubutu kumwambia hata mamako. Waogopa nini? Wengi wetu hatuogopi kazi, twaogopa kuchekwa.

Mtazame Julius Yego, kijana wa Nandi. Alikulia katika nchi inayosifika kwa wakimbiaji, naye akapenda kurusha mkuki. Kocha wa mchezo huo hakuwa naye, akajifunza kwa kutazama video za warushaji mashuhuri kwenye intaneti. Mwaka 2015 huko Beijing, aliurusha mkuki mita 92.72 akawa bingwa wa dunia. Mwaka 2016 akatwaa nishani ya fedha katika Olimpiki za Rio. Angaliona haya kusema akipendacho, nani angalimjua?

Sisemi uache shule, wala kazi inayokulipia kodi ya nyumba. La! Anza na mambo mawili. Kwanza, mtajie ndoto yako mtu mmoja unayemwamini, kwani ndoto isiyotajwa haina wa kuisaidia. Pili, itengee nusu saa kila siku, hata kama ni usiku baada ya kuosha vyombo.

Nawe mzazi, mwanao akikwambia anataka kuwa mchoraji, usimkatize kwa kumtajia udaktari. Mwambie akuonyeshe alichochora. Huenda amejikaza mwaka mzima kabla ya kukuambia.

Wanaocheka huchoka wakanyamaza. Majuto hayachoki.