Gesi ya Baridi Haiishi Kama Mafuta ya Taa



Juma hili nafungua daftari langu la hesabu mbele yenu, wala si kwa fahari. Daftari hilo ni la kikundi cha wavuvi na akina mama wachuuzi wa samaki wa kijiji chetu, jumla nyumba 23. Mimi ni karani wa parokia. Lakini kwa kuwa nilipita chuo cha ualimu, na mwandiko wangu wasomeka, wenzangu waliniomba nishike na hesabu zao. Basi katika kurasa za mwaka mmoja kuna mistari minne kwa mkono wangu mwenyewe: "Kuongeza gesi, mtambo wa lori." Machi, Juni, Septemba, Novemba. Kila mara shilingi 280,000. Niliandika, nikajumlisha, nikafunga daftari. Sikuuliza neno.

Lori lenyewe tulilinunua kuukuu, limekwisha kupita mikononi mwa watu wengine. Nyuma lina sanduku lenye kuta nene, na mbele ya sanduku, juu ya kichwa cha gari, umefungwa mtambo wa baridi wenye injini yake ndogo ya dizeli. Kazi yake ni kuwalinda samaki wetu, sato na sangara, kutoka mwaloni mpaka mjini, mwendo wa saa nne katika barabara ya vumbi na mawe.

Mwezi wa Desemba samaki waliharibika, kilo 600. Mnunuzi alifungua mlango, akanusa, akaufunga. Hakuna zaidi alilosema, wala halikuhitajika.

Sasa sikilizeni jinsi tulivyokosa. Kwa miezi kadhaa dizeli ya mtambo ilikuwa ikiisha upesi kuliko zamani, na hesabu yangu ndiyo iliyoonyesha hivyo. Watu wakaunganisha mambo mawili: dizeli yaisha, samaki waoza. Wakasema dereva huuzima mtambo njiani, huuza dizeli, kisha huuwasha tena akikaribia mjini. Kijana alikana mbele ya mkutano. Alisema, "Mtambo siuzimi hata dakika moja. Tena siku hizi haupumziki kabisa, waunguruma tangu mwaloni mpaka mjini." Hakuna aliyemsikiliza. Tulimkata mshahara wa miezi miwili, nikaandika deni lililobaki katika ukurasa wa mwisho, naye akaondoka kijijini kwenda kukaa kwa shemeji yake.

Mwezi wa Januari tukampata fundi mwingine, mzee aliyefanya kazi ya majokofu miaka mingi. Alifungua kifuniko cha mtambo, akakaa kimya kitambo. Kisha akaniita, "Mwalimu, njoo uone." Nikapanda juu ya pipa, nikachungulia.

"Gesi mmeongeza mara ngapi?"

"Mara nne, Mzee."

"Na mara hizo nne, nani aliuliza ile ya kwanza imekwenda wapi?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa nadhani gesi huisha kwa kutumika, kama mafuta ya taa yaishavyo katika kibatari.

Sivyo, ndugu zangu. Hapo ndipo wengi wetu twaliwa fedha zetu, na yafaa tuelewe vizuri. Mwautazama mtungi wa maji wa udongo: maji hupenya kidogo kidogo katika udongo, yakikauka kwa nje huondoka na joto, na yale ya ndani hubaki baridi. Mtambo wa baridi wafuata njia hiyo hiyo, ila kitu kinachokauka hakiendi zake hewani. Kimefungwa ndani ya mabomba. Kompresa huisukuma gesi mpaka ikawa moto na kubanwa. Nje ya sanduku hupulizwa na pangaboi, hupoa na kuwa maji. Kisha maji hayo hupenya katika tundu jembamba, hugeuka gesi tena ndani ya sanduku, na kwa kugeuka huko huyachukua joto la samaki. Halafu hurudi kwenye kompresa kuanza upya. Ni kitu kile kile kinachozunguka, leo na kesho na mwaka ujao. Hakiliwi, hakichomwi. Kikipungua, basi kimetoka. Na kikitoka, pana tundu.

Yule mzee alitutafutia tundu. Pembeni pa bomba moja la shaba palikuwa na vumbi lililogandamana kwa mafuta. "Mafuta ya kompresa husafiri pamoja na gesi," alisema. "Ukiona bomba limeloa mafuta na vumbi, hapo ndipo inapotokea." Akapangusa. Chini ya uchafu tukakuta bonge la gundi ya chuma, ile ya kuchanganya ya madukani, limepakwa juu ya ufa. Juu yake jingine. Juu yake la tatu. Kiraka juu ya kiraka, na kila kiraka kina stakabadhi yake katika daftari langu.

Ufa ulitoka wapi? Bomba lile hushikwa na kibano chenye mpira ili lisitikisike. Kibano kilikuwa kimepotea, na mtu fulani amefunga waya wa kawaida mahali pake. Barabara yetu mwaijua. Waya ukalikwangua bomba safari baada ya safari, mpaka likatoboka.

Kisha mzee akatuonyesha jinsi kosa la kwanza lilivyozaa la pili. Bomba likifunguka, hewa na unyevu huingia. Kabla ya kutia gesi, hapana budi kufunga pampu maalumu na kunyonya yote yaliyomo, mpaka geji ionyeshe kwamba ndani ni patupu. Kazi hiyo yataka muda. Wale mafundi wa kwanza walitia gesi juu ya hewa. Sasa hewa haigeuki maji kama gesi. Hukaa pale na kuuongeza msukumo. Nao unyevu huganda kama barafu katika lile tundu jembamba na kuliziba, tena hufanya asidi ndani ya mafuta, ikaila kompresa.

Msukumo ukizidi, pana swichi ndogo ya usalama inayouzima mtambo kabla haujapasuka. Bila shaka swichi yetu ilizima mara nyingi. Je, walitafuta sababu? Hawakutafuta. Walizikata nyaya zake mbili, wakazisokota pamoja, wakazifunga kwa utepe mweusi. Ni kama mtu aliyechoshwa na mbwa kubweka usiku, akamfunga mdomo, akarudi kulala. Mahali pa fyuzi moja tukakuta nyuzi za waya wa shaba. Mpira wa mlango ulikuwa umekatika shubiri mbili, umezibwa kwa tyubu ya baiskeli.

Nikamwuliza mzee habari ya dizeli. Akacheka kidogo. "Mtambo huu umetegewa kiasi cha baridi. Ukikifikia, hupumzika. Gesi ikiwa pungufu haukifikii kamwe, basi huendelea kunguruma na kunywa dizeli mchana kutwa. Dereva wenu hakuwaambia?"

Alituambia. Alitumia karibu maneno yale yale.

Wengine watauliza, kwani mitambo hii iliwekwaje juu ya magari yanayotikisika? Ni swali jema, maana mtu aliyeifanya alipambana na jambo hilo tangu mwanzo. Jina lake Frederick McKinley Jones, mtu mweusi wa Marekani, aliyezaliwa mwaka 1893. Alilelewa na padre mmoja katika jimbo la Kentucky mpaka alipokuwa na umri wa miaka 11 hivi, kisha akaanza kujitafutia kazi, akifagia karakana na kujifunza ufundi kwa macho. Shule hakupata nyingi. Karibu na mwaka 1938, mjini Minneapolis, alimtengenezea tajiri wake, Joseph Numero, mtambo wa baridi wa kufungwa katika lori. Majokofu ya nyumbani na ya maduka yalikuwako zamani, lakini barabarani mtikisiko uliyavunja. Mtambo wake wa kwanza aliufunga chini ya lori. Matope na uchafu wa barabara ukautesa. Akaupunguza uzito, akaupandisha mbele na juu ya sanduku, mahali ulipo hata leo katika malori mengi. Alifariki mwaka 1961, na mwaka 1991 alipewa nishani ya taifa ya teknolojia ya Marekani, miaka 30 baada ya kufa.

Basi kile kibano chenye mpira, ambacho fundi wetu wa kwanza alikiona hakina maana, ni sehemu ya ule ufundi wenyewe. Atengenezaye mtambo wa lori kama jokofu la sebuleni hajatengeneza kitu.

Tena kuna hatari kuliko samaki kuoza. Mwaka 2011 kontena za baridi, yale makasha makubwa yanayopakiwa melini, zililipuka huko Vietnam na Brazil, na wafanyakazi 3 wakafa. Zilikuwa zimetiwa gesi bandia. Mitungi ilisema ni R-134a, kumbe mlikuwamo metili kloridi, ambayo ikikutana na alumini ya kompresa huzaa kitu kinachowaka mara kikiguswa na hewa. Watu wale hawakuwa wazembe. Walifungua mtambo ambao mtu mwingine, mahali pengine, aliwahi kuutia gesi asiyoijua au asiyoijali. Kwa sababu hiyo mzee wetu alikataa kuongeza gesi juu ya ile aliyoikuta. Aliinyonya yote katika mtungi wa pembeni, wala hakuiachia hewani, maana gesi hizi zauongeza joto la dunia kuliko moshi wa kawaida. Kisha akalichomelea bomba kwa fedha, akaweka kibano kipya, akanyonya hewa saa kadhaa, akairudisha swichi kazini, na ndipo akatia gesi ya namba iliyoandikwa katika kibao cha mtambo, kwa kupima kwa mizani.

Alitutoza shilingi 1,150,000. Wanakikundi wakaguna. Nikafungua daftari, nikawasomea: mara nne za 280,000 ni 1,120,000. Fedha ya kutengeneza sawasawa tulikuwa tumekwisha kuitoa, karibu yote, na hatukupata kitu.

Lakini hesabu iliyonitoa usingizi ni ile ya ukurasa wa mwisho. Niliomba mkutano uitwe, nikaeleza mbele ya wote yale niliyoyaona juu ya pipa. Nikapiga mstari mwekundu juu ya deni la kijana. Wazee wawili wakatumwa pamoja nami kwenda kwa shemeji yake, tukiwa na mishahara yake ya miezi miwili katika bahasha. Alitupokea kwa adabu, akatupa viti. Bahasha hakuigusa kwanza. Alisema, "Wazee wangu, shikamooni. Fedha nitapokea. Lakini jina langu mlilichukua mbele ya watu. Nirudishieni mbele ya watu."

Alikuwa na haki. Jumapili ya pili yake akaja, mkutano ukakaa chini ya mwembe ule ule, na mwenyekiti akasimama akamwomba radhi kwa sauti. Nami nikasimama, maana mkono ulioandika deni ulikuwa wangu. Alitushukuru, akatupa mikono wote. Kuendesha lori letu tena hakukubali. Sasa ana kazi kwingine.

Wasomaji wapenzi, labda huna lori. Lakini pengine una jokofu la soda dukani, au kijiji chako kina zahanati yenye jokofu la chanjo, ambazo nyingi hutakiwa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8. Shikeni haya machache.

Fundi akisema "gesi imekwisha", mwulize imetokea wapi, naye akuonyeshe mahali. Povu la sabuni juu ya kiungo hutosha mara nyingi kulionyesha tundu.

Kabla hajatia gesi mpya, mwulize kama ananyonya hewa, na kwa pampu gani. Asiye na pampu, mshukuru, mwache aende.

Soma namba ya gesi katika kibao cha mtambo, kisha soma ile ya mtungi wake. Mtungi usio na jina usiukubali.

Ukinunua kitu kuukuu, lipa fundi mwaminifu akifungue kabla hujatoa fedha. Rangi mpya kwa nje haisemi lolote juu ya nyaya za ndani.

Andika kila matengenezo: tarehe, ubovu ulioonekana, kilichofanywa, kilichobadilishwa. Nawe karani mwenzangu, ukiona umeandika neno lile lile mara ya pili, weka kalamu chini, uende ukatazame kwa macho yako. Mimi nilingoja mara ya nne.

La mwisho: mtu anayekaa na chombo kila siku akikuambia kimebadilika, msikilize kwanza, umshuku baadaye.

Kwaherini, mpaka juma lijalo.

Karani wenu