Kivunja-Mji

Upo usemi unaorudiwa vitabuni, na hata barazani kwa watu wenye elimu zao, kwamba Mnyamwezi wa zamani alitoa pembe ya ndovu, akapewa ushanga, akaondoka akichekelea. Husemwa kwa huruma, lakini ndani yake mna dharau, na dharau hiyo humwangukia zaidi mwanamke: eti yeye ndiye aliyepumbazwa na kipande cha kioo.

Na itazamwe Itetemia, karibu na Tabora, yalikokuwa makao ya mtemi Fundikira wa Unyanyembe pale Richard Burton alipofika Kaze, Novemba 1857. Burton hakuwa mtu wa kuwasifu Waafrika. Matusi yake yanajulikana. Hata hivyo aliandika kwamba shanga za njia hiyo zilikuwa aina 400 hivi, kila moja na jina lake, thamani yake na mahali ipendwapo. Samesame, nyekundu juu na nyeupe ndani, iliitwa kivunja-mji, kwa namna wanawake walivyoipania. Stanley, aliyekaa Kwihara mwaka 1871, aliipata habari hiyo hiyo: Unyamwezi walitaka nyekundu na kukataa nyinginezo, nyeusi, zilizokuwa sarafu Ugogo, kwingine hazikununua kitu. Msafiri aliyekosea rangi angeweza kulala njaa juu ya magunia yake. Je, hao ni watu wapokeao chochote king'aacho? Aliyechagua ni mwanamke wa bara. Waliohangaika kumridhisha ni tajiri wa Pwani na fundi wa Venice.

Sasa na itazamwe Paris. Miaka ya 1920 Coco Chanel aliwavika matajiri lulu za bandia na vioo vya rangi, akasifiwa kwa kuwafundisha wanawake urembo mpya. Leo pambo kuukuu lenye jina lake hugombewa mnadani. Kioo ni kioo. Mafundi wa Jablonec, kule Bohemia, walitengeneza shanga za kupelekwa Afrika na mapambo ya magauni ya Ulaya pia. Nyani haoni kundule: huyu akivaa kioo ana mtindo, yule akivaa kapunjwa.

Kupunjwa kulikuwapo, wala hapana haja ya kukuficha. Ndovu waliuawa kwa wingi, na kwa shanga hizo hizo watu walinunuliwa wakateremshwa hadi Bagamoyo. Hilo ni deni la wafanyabiashara, wa visiwani wakiwamo, na si haki kumtwika mwanamke aliyependa rangi nyekundu. Tena huyo wa Pwani anayecheka, shanga za kiunoni alizofundwa na somo wake zilitoka wapi, kama si kwenye mabohari yale yale? Bara haikucheka ilipoletewa cha bahari: kibangwa, kisahani kilichokatwa katika kombe la Bahari ya Hindi, kilikuwa pambo la watemi.

Shanga hizo nyekundu sasa hutafutwa na wakusanyaji wa Ulaya na Marekani, nao huziita kwa moyo wake mweupe au kwa jina la mji wa Aleppo. Majumba ya makumbusho ya Afrika Mashariki yasiyaige majina hayo. Kibandiko na kiandikwe samesame, na chini yake, kivunja-mji.