Mabaki ya Vitenge
Desemba ikiingia, sheria ya Zambia inapumzisha Ziwa Mweru: hakuna kuvua hadi Februari iishe. Pesa ya samaki inakauka mjini Mununga, kando ya ziwa hilo, wakati uleule kila mtoto anapodai nguo mpya ya Krismasi. Hapo ndipo mafundi cherehani hukesha, na chini ya meza zao kunarundikana vipande: nusu duara za shingo, pembetatu za makwapa, pindo zenye maandishi ya kiwanda. Kuvitupa, kwangu mimi, ni ufujaji mtupu. Mama mwenye sindano anaweza kupata humo shuka zima la viraka la sikukuu. Afue kwanza kila rangi peke yake, maana buluu mpya ikichuja manjano yote yameharibika. Akate miraba, aiunge safu kwa safu, kisha atie bitana ya shuka kuukuu. Pamba ya kujazia ya nini, na joto la ziwani tunalijua? Wapo watakaosema ni zawadi ya kimaskini. Hao waendelee na blanketi zao za dukani. Fundi naye akiomba chochote kwa mabaki yake, apewe bila kununa. Kitambaa kilichobaki si taka yake, ni mali.