Unyevu Ulio Chini ya Lundo



 Mwezi huu nimeombwa na baadhi ya wazee wa wanafunzi nizungumze juu ya vyakula na dawa tuviingizavyo majumbani mwetu, na juu ya amri za serikali zihusuzo vitu hivyo, kwani wako miongoni mwetu wanaoziona amri hizo kuwa ni udhia mtupu kwa mfanya biashara.

Naanza na kisa ambacho kila aliyepita madrasa amekisikia. Mtume wetu (S.A.W.) alipita sokoni Madina akaona lundo la nafaka, akatia mkono wake ndani, vidole vikatoka na unyevu. Akamwuliza mwenye mali ni nini hiki, naye akajibu kuwa mvua iliinyeshea. Mtume akamwuliza kwa nini basi hakuiweka juu ile iliyorowa, watu wakaiona. Kisha akatoa lile onyo kali juu ya mwenye kughushi. Tukisomesha kisa hiki aghlabu hulikimbilia lile onyo la mwisho. Leo nataka tusimame katika mambo mawili yaliyolitangulia: kwamba mkono ulitiwa ndani, wala jicho halikutosheka na kutazama juu; na kwamba pale palikuwa na mtu amesimama mbele ya mali yake, akaulizwa, akajibu.

Unyevu wa nafaka si jambo dogo. Mwaka 2004, katika sehemu za mashariki ya Kenya, khasa Makueni na Kitui, watu 317 waliugua maradhi ya ini, na 125 katika hao wakafa. Sababu yake ni mahindi yaliyowekwa hali ya kuwa hayajakauka, yakaota kuvu, na kuvu hiyo ikatoa sumu iitwayo aflatoksini. Sumu hii haina ladha wala harufu. Haiondoki kwa kupikwa, na punje iliyo nayo yaweza kupendeza machoni. Kipimo kilichokubaliwa na nchi za Afrika Mashariki ni kuwa isizidi mikrogramu 10 katika kilo moja ya mahindi, na mikrogramu moja ni sehemu moja katika sehemu milioni za gramu. Mkono gani utakaoitambua? Hapana budi pawe na chombo cha kupimia na mtu aliyefundishwa kukitumia, na kazi yake ni ile ile ya kutia mkono chini ya lundo, ila mkono huu wafika mbali zaidi.

Hata hivyo mama wa nyumba asikae akamngoja mkaguzi. Mahindi na yaanikwe juu ya jamvi au turubai, si juu ya udongo, na yaliyoota kuvu yachaguliwe na kutupwa. Wala wasipewe kuku, maana sumu hupita kwa mnyama ikamrejea mlaji. Na wala mtu asione kuwa yaliyoharibika yafaa kutolewa sadaka! Nimeyaona hayo kwa macho yangu siku za Ramadhani, na Mola atusamehe.

Katika dawa jambo lazidi uzito, kwa kuwa anywaye ni mgonjwa, na mara nyingi ni mtoto asiyeweza hata kusema tumbo lamuuma.

Mwaka 1937 kampuni moja ya Tennessee, huko Marekani, ilikuwa na dawa iitwayo salfanilamaidi, iliyokwisha kuwafaa wengi kwa vidonge na unga. Watu wakataka ya maji, wapate kuwanywesha watoto. Mkemia wa kampuni akatafuta kitu cha kuiyeyusha, akaona daithilini glaikoli yafaa, akatia na ladha ya tunda. Wakaipima rangi yake, harufu yake na utamu wake. Kama yaua au haiui, hilo hawakulipima, na sheria ya wakati ule haikuwalazimisha. Watu zaidi ya 100 wakafa, watoto wakiwamo, kwani kitu kile huharibu figo, na mtoto huanza kwa kuzuilika mkojo.

Serikali ilipotaka kuikusanya dawa ile haikuwa na sheria ya kumshika mtu kwa kuuza kitu kinachoua. Ilipata njia kwa sababu moja tu: chupa iliandikwa jina ambalo kwa desturi ya wenye dawa lilimaanisha kuwa ndani mna spiriti, na spiriti haikuwamo. Basi wakaguzi wakatoka na daftari za mauzo, wakafuata duka kwa duka na daktari kwa daktari. Daktari mmoja aliahirisha harusi yake ili asaidie kumtafuta mtoto wa miaka mitatu ambaye jamaa zake walikuwa wamehamia milimani. Katika galoni 240 zilizotengenezwa, galoni 234 na kitu zilipatikana, na hayo machache yaliyosalia ndiyo yaliyoua. Mwaka uliofuata, 1938, ikatungwa sheria kwamba mwenye dawa mpya sharti athibitishe kwanza usalama wake ndipo auze.

Msomaji atadhani mambo hayo yamekwisha pita na wenyewe. La, hayakupita. Mwaka 2022 watoto wapatao 70 walifariki nchini Gambia, na dawa za maji za kikohozi na homa zilizotoka India zikaonekana zina kitu kile kile na ndugu yake. Mwaka huo huo wakafa watoto zaidi ya 200 Indonesia, na wengine Uzbekistan. Nchi zote tatu ni za ndugu zetu Waislamu. Majumba yaliyoliwa ni majumba kama haya yetu, mama akipima kijiko na kusema Bismillahi. Na sababu haifichiki: dawa ya maji huhitaji gliserini au kitu cha namna hiyo kilicho safi, nacho ni cha bei kubwa, kile chenye sumu ni cha bei ndogo, nacho ni kitamu na hufanana nacho kama maji yafananavyo na maji. Tena Gambia wakati ule haikuwa na maabara yake ya kupimia dawa. Lundo lilipita bandarini, wala hapakuwa na mkono wa kutiwa ndani.

Najua atakuwapo atakayesema kuwa ajali haina kinga, na kila nafsi ina siku yake. Hayo ni kweli, nasi twayaamini. Lakini kadari haikumzuia Mtume kuuliza pale sokoni, wala mwenye nafaka hakuachiwa kusema kuwa mvua ni ya Mungu.

Wahenga wetu hawakuyaacha mambo haya yaende yenyewe. Mwaka 319 wa Hijra, yaani 931, mtu mmoja alikufa Baghdad kwa kosa la tabibu. Khalifa al-Muqtadir akaamuru pasiwe na mtu wa kutibu ila aliyetahiniwa na Sinan bin Thabit, wakaja kutahiniwa watu zaidi ya 800. Na zama za Salahuddin, al-Shayzari alitunga kitabu cha kumwongoza muhtasib, yaani mkaguzi wa masoko, akaweka mlango wa waoka mikate, mlango wa wauza dawa, na mlango wa watengenezaji wa dawa za maji. Katika habari za wauza dawa akaacha kusudi kuzitaja hila nyengine za kughushi, kwa khofu wasije wakajifunza humo wasiokuwa na dini. Akamwonya na mkaguzi mwenyewe asipokee zawadi za wale anaowakagua. Sisemi, basi, kuwa wakaguzi wote wa leo ni malaika. Maradhi ya mkono wenye kupokea ni ya zamani, na dawa yake ni kuyashitaki, si kuufunga mlango wa ukaguzi.

Leo kazi hiyo Tanzania Bara iko kwa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, na tangu mwaka 2019 upande wa chakula uko kwa Shirika la Viwango. Zanzibar iko kwa Wakala wa Chakula na Dawa, na Kenya dawa ziko kwa Bodi ya Famasia na Sumu. Mwenye dawa hupeleka maelezo yake na sampuli, kiwanda chake hukaguliwa, kisha dawa husajiliwa. Katika paketi huandikwa jina la mtengenezaji, namba ya toleo na siku ya kwisha muda. Namba ya toleo watu huipuuza, na ndiyo iwezeshayo chupa mbovu kufuatwa mpaka mlimani, kama zilivyofuatwa zile za mwaka 1937.

Nimeyaeleza haya kwa urefu kwa ajili ya jambo lililonigusa karibu. Bibi wa mwanafunzi wangu mmoja ana maradhi ya sukari. Siku moja baada ya sala ya Ijumaa alinunuliwa chupa nje ya msikiti, akaambiwa ni dawa ya Kisunna, atupe vidonge vya hospitali. Akaviacha. Siku ya tisa akazimia, akachukuliwa hospitali, na kwa rehema ya Mola akapona. Wala sibezi habbat-sauda, ambayo Mtume mwenyewe ameisifu, mimi naila. Wala sibezi waganga wa miti shamba, na hao nao Tanzania Bara wana Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala la kuwasajili. Lakini imepokewa pia kwa Mtume kwamba anayetibu bila ya kujulikana kwa elimu ya tiba, basi yeye ni mdhamini wa madhara. Vipi jina la Sunna liwe pazia la kumfichia mtu dhamana hiyo?

Nikaiomba ile chupa nikaitazama. Ilikuwa na dua iliyoandikwa kwa khati nzuri, na picha ya msikiti. Haikuwa na jina la mtengenezaji, wala mji, wala tarehe, wala namba. Ijumaa iliyofuata nikamwendea muuzaji, kijana mpole, nikamwuliza ni nani aliyeitengeneza.

"Sijui, maalim," akasema. "Huletwa na mtu kwa gari kila mwezi."

"Anakaa wapi?"

"Wallahi sijui. Na ile simu yake siku hizi haipatikani."

Jumatatu nikaipeleka chupa ile ofisi ya wakaguzi wa dawa. Karani akaipokea kwa adabu, akafungua daftari lake, akaandika siku na mahali iliponunuliwa. Alipofika kwenye safu ya jina la mtengenezaji, akaigeuza chupa mara mbili, kisha akapiga mstari.