Viza ya mke imetoka, safari ni lini? Kaeni na kalenda kwanza

Pasipoti mbili zilifika nyumbani Kisauni, Mombasa, siku ya Ijumaa mwezi Juni: moja ya mama na nyingine ya binti yake. Kila moja ilikuwa na viza ya uhamiaji ya Marekani. Shangwe zilipopoa, mama alivaa miwani akasoma siku ya mwisho ya kuitumia: 19 Novemba. Akanyamaza. Binti yuko Kidato cha Nne, na kufikia siku hiyo KCSE itakuwa bado inaendelea.

Mume wake ni Mkenya aliyepata uraia wa Marekani alikosomea na kufanya kazi miaka mingi, kisha akarudi pwani na kuoa. Sasa amepata kazi Dallas, kuanzia Septemba. Kwake jibu lilikuwa jepesi. "Twendeni Agosti shule zikifungwa. Mgongewe muhuri, halafu nyinyi mrudi mtoto afanye mtihani."

Mama alikuwa amesikia mengine kwa jamaa zake: wakingoja Oktoba, ndoa itimize miaka miwili, watapewa kadi ya ukazi ya miaka kumi badala ya miwili. Mama mkwe naye, akiwa amempakata mjukuu wa miezi kumi, akauliza la kwake: "Na huyu je, anaondoka lini?"

Wote watatu walikuwa na hoja. Ila kila mmoja alikuwa akitazama tarehe yake peke yake, na ndipo familia nyingi zinapokosea.

Tarehe ya viza

Viza ya uhamiaji kwa kawaida hudumu miezi sita, na mara nyingi huhesabiwa tangu siku ya vipimo vya afya, si siku ya mahojiano ubalozini. Mama na binti walipimwa mwezi Mei, ndiyo maana Novemba ikawafunga. Tarehe hiyo ni ya kuingia Marekani. Haimaanishi kwamba siku hiyo lazima uwe umehama na vyombo vyote. Lakini ikipita, viza haiongezwi siku. Kutafuta nyingine ni kulipa ada upya, pengine kupimwa upya, na hakuna wa kukuhakikishia kwamba itatoka.

Ambaye bado hajafika kwenye mahojiano ana nafasi ambayo familia hii haikuitumia. Ombi likiwa bado mezani, mwombaji anaweza kwenda polepole katika kuwasilisha stakabadhi ili viza itoke karibu na wakati anaotaka kusafiri. Asinyamaze tu mwaka mzima, kwa sababu ombi lisilofuatiliwa kwa mwaka linaweza kufutwa. Mwenye mtoto wa mtihani na aanze kwa kutazama ratiba ya shule, kisha ndipo aende kupimwa.

Tarehe ya ndoa

Alichosikia mama ni kweli. Sheria ya Marekani hutazama umri wa ndoa siku mke anapoingia, hata kama viza ilitoka mapema zaidi. Ndoa ikiwa haijatimiza miaka miwili siku hiyo, anapewa ukazi wa masharti na kadi ya miaka miwili. Ndani ya siku 90 kabla kadi hiyo haijaisha, yeye na mumewe hupeleka ombi la kuondoa masharti, na ushahidi kwamba wanaishi kweli kama mke na mume: mkataba wa nyumba, akaunti ya benki, bima, picha. Ndoa ikishatimiza miaka miwili anapata kadi ya miaka kumi moja kwa moja, na kazi hiyo yote inaondoka. Binti aliyekuja na mama kabla ya ndoa hii hufuata kipimo hicho hicho.

Ndoa yao inatimiza miaka miwili tarehe 14 Oktoba. Kwa mke asiye na mtoto shuleni, kungoja hadi 15 Oktoba ndiyo akili. Kwa mama wa mtahiniwa, Oktoba ni mwezi wa matayarisho ya mwisho, na kumtoa mtoto wakati huo kwa safari ya kuvuka bahari ni kumvuruga.

Kadi ya masharti, pamoja na usumbufu wake, haimpunguzii mtu haki ya kufanya kazi, kusoma au kusafiri. Muda wake pia unahesabiwa katika uraia. Mke wa raia anaweza kuomba uraia baada ya miaka mitatu ya ukazi, mradi wawe wameishi pamoja kipindi hicho na awe amekaa ndani ya Marekani angalau nusu yake. Na mama na binti wakiingia pamoja, ombi moja la kuondoa masharti linaweza kuwabeba wote wawili.

Tarehe ya kuhama

Hapa ndipo penye hatari, kwa sababu wengi huuchukulia ule muhuri kama kitu cha kuweka kabatini hadi siku watakayokuwa tayari. Mara unapogongwa, mama si mgeni tena. Ni mkazi wa Marekani aliyesafiri kwenda Kenya. Akikaa nje miezi minne huku mume anafanya kazi Dallas na nyumba imekodiwa, si tatizo kubwa. Akivuka miezi sita, ataulizwa maswali uwanjani na hesabu ya uraia inaweza kukatika. Akivuka mwaka, kadi peke yake haimrudishi. Anayejua atakaa nje muda mrefu huomba kibali cha kurejea, na ombi hilo hupelekwa akiwa ndani ya Marekani. Akishapanda ndege ya kurudi Mombasa, amechelewa.

Mume raia aliyekuwa akiishi Kenya naye ana sharti lake. Katika fomu ya kumdhamini mkewe, lazima aonyeshe kwamba makazi yake ni Marekani, au kwamba anarudi kuishi huko si baada ya siku mke anapoingia. Kumtanguliza mke peke yake na mume abaki Kenya mwaka mwingine ni kujitafutia matatizo.

Kuna jambo la kodi pia. Tangu siku mama anapoingia kama mkazi, mshahara wake wa ualimu wa Septemba hadi Desemba unatakiwa uonekane katika ripoti ya kodi ya Marekani.

Swali la nyanya lilikuwa na jibu rahisi kuliko yote. Baba aliishi Marekani zaidi ya miaka mitano kabla mtoto hajazaliwa, kwa hiyo mtoto ni raia tangu kuzaliwa. Haombewi viza. Wazazi walimsajili ubalozini Nairobi na akapata pasipoti. Atasafiri na mama na kurudi na mama.

Walichoamua

Waliandika tarehe zote kwenye karatasi moja, wakaweka mtihani wa binti juu kabisa. Wataingia Agosti wote wanne. Baba atabaki Dallas kazini. Mama, binti na mtoto watarudi Mombasa shule zikifunguliwa. KCSE ikiisha watafunga nyumba, wamuage nyanya, na kuhama Desemba. Kadi itakuwa ya miaka miwili, na mama ameikubali. "Masharti nitayaondoa baadaye," alisema. "Mtihani wa mtoto haurudiwi kwa sababu ya kadi."

Yaliyobaki ni madogo, lakini yanasumbua wanaoyasahau. Kila mwenye viza hulipa ada ya uhamiaji kwa njia ya intaneti kabla ya safari, ada iliyopandishwa Aprili 2024 hadi dola 235. Ukaguzi hufanyika katika uwanja wa kwanza wa Marekani unaotua, hata kama tiketi yako inaishia kwingine, kwa hiyo acheni saa za kutosha kabla ya ndege inayofuata. Ukipewa bahasha iliyofungwa, usiifungue. Kabla ya kuondoka dirishani, soma muhuri uone kama umeandikwa sawasawa. Kadi hutumwa kwa posta kwenye anwani ya Marekani, lakini viza iliyogongwa muhuri hutumika badala yake kwa mwaka mmoja, kwa hiyo mama hahitaji kuingoja ndipo arudi.

Miezi minne mume na mke watakuwa mbali, na mtoto mdogo ataanza kutembea baba akimwona kwenye simu. Hilo pia liliandikwa kwenye karatasi, chini ya tarehe. Baba ndiye aliyeliandika.